Kidonge Kimo Kwenye Kopo la Biskuti

Assalaam aleykum Somo,

Nakuandikia saa sita za usiku, nyumba nzima imelala. Jina langu nalificha na la mwanangu pia, kwa sababu mtaa wetu huku Kisauni maneno yana mbio kuliko tuktuk.

Nina miaka 33 na watoto wawili: kijana wa miaka 8, yuko gredi ya tatu, na msichana wa miaka 4. Baba yao yuko Doha, anaendesha basi, huja mara moja kwa mwaka. Naishi na mavyaa wangu kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Chumba cha uani anakaa shemeji yangu, na cha mbele barazani tumempangisha fundi betri. Alfajiri napika mahamri na mbaazi nauza hapo hapo nje, mchana nashona.

Mwanangu hajatulia tangu aanze kutambaa. Wenzake walipokuwa wakijifunza kupanda kiti, yeye alikuwa juu ya tangi la maji. Huu ni mwezi wa saba na nishanunua jozi 4 za viatu vya shule. Si kwamba vinachakaa, hurudi na kimoja. Siku moja tuko Kongowea, namchagulia nyanyake papai, nikageuka mtoto hayuko. Kumbe ameona mbuzi amekata kamba, amemfuata mpaka katikati ya barabara. Bodaboda ilimkosa kwa upana wa kiganja. Mpaka leo nikisikia breki za pikipiki tumbo linanikata.

Shuleni ni kesi kila wiki. Darasa lina watoto zaidi ya 60. Anasimama, anatoka, anajibu kabla swali halijaisha. Nikifungua daftari lake naona tarehe, neno moja, halafu amechora meli. Ukurasa wa pili tarehe, neno moja, meli. Daftari zima hivyo. Fimbo ashachapwa, hilo najua ingawa hakuna anayekubali.

Mwezi wa nne mwalimu mkuu akaniambia nimtafutie "dawa ya kumtuliza" ama nimtafutie shule nyingine. Nikampeleka kliniki moja ya binafsi. Daktari akaniuliza maswali, akanipa fomu mbili, moja yangu na moja ya mwalimu. Tuliporudi nazo alizisoma, akasema mtoto ana ADHD, hali ya kutotulia na kutoshika makini, akaandika vidonge vya Ritalin, kimoja asubuhi baada ya chai, turudi baada ya wiki mbili. Ndani tulikaa kama dakika 20. Hatujarudi, kwa sababu hata kidonge kimoja hakijaliwa.

Sababu ni hii. Huyo shemeji yangu wa uani aliingia kwenye unga akiwa na miaka 17. Sasa ana 36, alhamdulilahi yuko kwenye methadoni, dawa ya kumwachisha unga, kila asubuhi huenda kliniki kunywa dozi yake. Mavyaa aliuza dhahabu zake zote kwa ajili yake. Nilipomwonyesha pakiti, alimwita binti wa jirani amsomee kwenye simu. Binti akasoma kwamba hii ni dawa ya kuchangamsha, inadhibitiwa, na watu wengine huitumia vibaya. Mavyaa akaiweka pakiti mezani kama mtu aliyeshika kaa la moto, akaniambia: "Yule aliniponyoka sijui. Huyu wataka nimtie mwenyewe kwa mkono wangu?"

Alimpeleka kwa sheikh akasomewa, akanywa kombe siku saba. Siku hizo saba alitulia kidogo, au mimi ndiye niliyetulia, sijui. Baadaye yakarudi yale yale.

Mume wangu kwenye simu anasema, "Mimi nilikuwa hivyo hivyo na leo naendesha basi la watu. Mwache mtoto awe mtoto. Nikija mwezi wa kumi na mbili tutaongea."

Kinachonichanganya zaidi ni chuoni. Mwalimu wake wa chuo cha Qurani anasema hana tatizo naye. Amehifadhi juzuu amma yote kabla ya wenzake. Mtoto mwenye maradhi ya kutotulia akili atahifadhi vipi juzuu nzima?

Basi vidonge vimo kwenye kopo la biskuti ninaloweka nyuzi na sindano, wiki ya sita sasa. Usiku mmoja nilitoa kimoja nikakiweka kiganjani. Ni kidogo, hata punje ya mbaazi inakishinda. Nikakaa nacho mpaka kikaanza kuyeyuka kwa jasho, nikakitupa. Naogopa atakuwa zezeta. Naogopa atakizoea. Na naogopa siku ya bodaboda nyingine.

Nimewaza nikisage nikitie kwenye uji, nisimwambie mtu, hata yeye mwenyewe. Nikiulizwa ni vitamini. Kikimfaa wataona wenyewe. Kisipomfaa naacha, na hakuna atakayejua.

Juzi alinikuta jikoni nalia. Akanishika leso akaniambia: "Mama, mimi nikiambiwa tulia natulia. Lakini kichwa kinatoka chenyewe."

Somo, nimpe au nisimpe?

Mama wa Mchora Meli, Kisauni

*

Waaleykum salaam, mwanangu.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza mbio mbio. Mara ya pili nikakwama kwenye daftari. Tarehe, neno moja, meli. Hebu lichukue tena ulitazame. Mtoto mkaidi haandiki tarehe kila siku. Huyu kila siku ameanza. Ameshika kalamu, ameandika tarehe, ameandika neno la kwanza, halafu, kwa maneno yake mwenyewe, kichwa kikatoka. Mimi naona mtoto aliyejaribu kurasa zote hizo.

Umeniuliza swali moja, nimpe au nisimpe. Lakini pindo la leso yako nikilifungua nakuta vifundo vitatu: kama hali aliyonayo ndiyo hiyo iliyotajwa, kama dawa yenyewe itamfaa au itamdhuru, na cha tatu ambacho hukukiandika waziwazi, ni nani mwenye kauli juu ya mtoto huyu ndani ya nyumba yenu. Umevivuta vyote kwa mpigo, ndiyo maana hata kimoja hakifunguki. Na kabla sijaendelea, mimi si daktari wala sijamwona mtoto. Nitakayokwambia ni ya kukusaidia kukaa mbele ya daktari ukiwa na maswali mkononi.

Nianze na hilo la chuoni, maana umeliona kama ushahidi kwamba daktari amekosea. Huenda. Kanuni ya madaktari ni kwamba dalili zionekane mahali zaidi ya pamoja, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, na zimedumu angalau miezi sita. Lakini kumbuka chuo chenyewe kilivyo. Watoto wanasoma kwa sauti. Wanayumba mbele na nyuma wakisoma, hakuna anayewaambia wakae kama sanamu. Kila mmoja huitwa mbele ya mwalimu peke yake, anasoma aya zake, na papo hapo anaambiwa "rudia" au "ahsante, songa mbele". Kazi ni fupi, mwili una ruhusa, jibu haliji kesho. Sasa mpeleke mtoto huyo huyo kwenye darasa la watu 60, akae kimya, anakili ubaoni dakika 40. Watoto wengi wenye ADHD hushika vizuri sana kitu kinachowavuta au kinachopangwa namna hiyo, na wakapotea kwenye kile kilicho kirefu na kimya. Kwa hivyo juzuu amma haikanushi ugonjwa, wala haiuthibitishi. Inachokwambia ni kwamba kuna mpangilio ambao akili ya mwanao inaukubali, na mwalimu wa chuo anaujua bila kusomea. Mimi ningekuwa mwalimu wake wa shule ningekwenda kukaa kwenye mkeka huo asubuhi moja nijionee.

Uchunguzi wa dakika 20 nao unanipa shaka kidogo, ingawa fomu mbili ni jambo jema, wengine hata fomu hawapewi. Uliporudi, je, alipimwa masikio? Macho? Usiku anakoroma au anapumua kwa mdomo? Mtoto asiyelala vizuri kwa sababu ya nyama za puani mchana huhangaika badala ya kusinzia. Kuna kifafa kidogo kisicho na kuanguka, mtoto hutazama tu hewani sekunde chache, mwalimu akadhani anaota. Kuna upungufu wa damu.

Na kuna hilo ulilolipitia kama halina maana: fundi betri barazani. Mombasa ndio tungekuwa wa mwisho kuhitaji kufundishwa kuhusu madini ya risasi. Pale Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu watu kijiji kizima, mwanaharakati Phyllis Omido akaanza vita vyake baada ya mwanawe mwenyewe kukutwa na madini hayo mwilini, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi ikiingia kwenye damu ya mtoto hugusa akili, na moja ya dalili zake ni huko kutotulia na kutoshika masomo. Sisemi ndiyo sababu ya mwanao. Fundi mmoja si kiwanda. Lakini mtoto anayecheza sakafuni karibu na mtu anayefungua betri, ningemwomba daktari kipimo cha damu, na huyo binti wa miaka 4 naye asiachwe. Fundi aambiwe kwa heshima kazi ya kufungua betri aipeleke kwingine.

Tuje kwenye kidonge. Hiki si kitu kipya. Mkemia Leandro Panizzon alikitengeneza Uswisi mwaka 1944, na jina la Ritalin linatokana na mkewe aliyeitwa Rita. Dawa yenyewe ni methilfenideti. Mwalimu mkuu aliiita dawa ya kutuliza, na hapo alikosea: si ya usingizi. Inachangamsha zile sehemu za ubongo zinazoshika makini na kuzuia pupa, mtoto akaweza kungoja zamu yake. Vidonge vya kawaida huanza kazi ndani ya saa moja na huisha baada ya saa tatu au nne hivi. Vipo vya kutoa dawa polepole vinavyofika jioni, na hivyo havisagwi wala havitafunwi, maana ukikisaga dawa ya kutwa inaingia mwilini kwa mara moja. Je, unajua vyako ni vya aina gani? Hilo peke yake lingetosha kuuzuia mchi.

Madhara yapo, na daktari asiyeyataja usimwamini. Hamu ya chakula hupungua, ndiyo maana mtoto hulishwa kwanza, mahamri na mbaazi zake, kisha kidonge, na usiku njaa ikirudi apewe sahani ya pili bila kelele. Usingizi unaweza kuchelewa kama dawa imetolewa alasiri. Kichwa, tumbo, hasira kidogo dawa inapoisha. Kimo kinaweza kuchelewa kidogo kwa anayetumia muda mrefu, kwa hivyo mtoto hupimwa uzito, urefu, presha na mapigo ya moyo kabla ya kuanza na kila baada ya muda. Daktari anatakiwa akuulize kama kuna mtu katika ukoo aliyekufa ghafla akiwa kijana au mwenye ugonjwa wa moyo, na kama mtoto amewahi kuzimia akicheza. Alikuuliza? Na huko kuwa zezeta unakokuogopa, kukitokea ni ishara kwamba kipimo kimezidi au dawa haimfai. Unamwambia daktari, anapunguza au anabadilisha. Zipo dawa nyingine zisizo za kuchangamsha, kama atomoksetini, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Akizimia, akiumwa kifua, au akianza kuona vitu visivyokuwepo, hapo husubiri miadi, unakwenda hospitali.

Inafaa kiasi gani? Marekani walifuatilia watoto 579 wa miaka 7 hadi 9, matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Baada ya miezi 14, waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu, wakionwa kila mwezi na kipimo kikirekebishwa, dalili zilipungua kuliko waliofundishwa tabia peke yake. Lakini palikuwa na kundi jingine lililoachwa kwa madaktari wao wa kawaida, wengi wao wakimeza dawa vilevile, na hawakufika mbali kama wale wa uangalizi. Walipotazamwa tena mwaka wa tatu, tofauti ya makundi ilikuwa imefifia. Mtu anayetaka dawa atakusomea sehemu ya kwanza, asiyetaka atakusomea ya mwisho. Mimi nakaa hapo katikati: kidonge kilekile, mkono wa kukifuatilia ukawa ndio tofauti.

Mavyaa wako sasa. Nakuomba usimwone mjinga. Alichosomewa na binti wa jirani ni kweli: dawa hii iko kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa za aina hiyo, na wapo watu wazima wanaoitafuta kwa ajili ya kulewa. Na lugha yetu haimsaidii. Dawa ya mtoto ni dawa, na ule unga uliokula dhahabu zake nao huitwa dawa za kulevya. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili, na yeye mmoja wa mizigo hiyo ameubeba miaka 19.

Jambo ambalo huenda hakusomewa ni kwamba watoto waliotumia dawa hizi kwa kipimo cha daktari wamefuatiliwa mpaka ukubwani, na hawakuonekana kuingia kwenye ulevi zaidi ya wenzao wenye hali ile ile ambao hawakutumia. Hali yenyewe ndiyo humsogeza kijana karibu na hatari: pupa, kufukuzwa shule, kuambiwa kila siku kwamba yeye ni mbaya. Usimtupie maneno haya kama jiwe, lakini. Yeye alilea wana wawili. Mmoja anakwambia kwa mdomo wake, "nilikuwa hivyo hivyo". ADHD hurithiwa sana katika koo, pengine kama urefu wa mtu. Mimi siwezi kumpima shemeji yako kwa barua, wala sitaki. Ila siku moja mkiwa mnachambua mchele, muulize mavyaa wanawe walikuwaje wakiwa na miaka 8. Muulize tu, kisha unyamaze.

Mume wako naye muulize lile ambalo hakulimalizia. Nilikuwa hivyo hivyo, sawa. Shule uliiacha darasa gani? Fimbo ngapi? Uliwahi kujiona mjinga? Labda atakwambia hapana, nilikuwa na furaha, na mtoto wetu naye atapita. Hilo nalo ni jibu, kwa sababu kuna watoto ambao utundu hupungua wakikua, ingawa wengi hubaki na sehemu ya hali hiyo. Labda atanyamaza kwenye simu muda mrefu.

Kombe sina ugomvi nalo. Mtume alituambia tujitibu, na dua na kidonge havijawahi kugombana kwenye tumbo la mtu. Nitakayemwogopa ni yule atakayesema acha hospitali ndipo kombe lifanye kazi, au atakayemfunga mtoto na kumpiga akidai anamtoa kitu.

Shule nayo isikutishe. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa mwanao haki ya elimu ya msingi, hakikuweka sharti la kidonge. Fimbo shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza. Najua sheria na darasa la watoto 60 ni vitu viwili, na mwalimu huyo naye ana kazi ya kuonewa huruma. Lakini unaweza kumwomba mambo yasiyo na gharama: akae mbele mbali na dirisha, apewe sentensi tatu badala ya kumi kisha zikaguliwe papo hapo, atumwe kupeleka chaki ofisini mwili ukiwaka. Waulize pia kuhusu kituo cha tathmini ya elimu cha serikali. Vituo hivi vimekuwepo Kenya tangu mwaka 1984 na kazi yao ni kumtazama mtoto kama wako na kuishauri shule. Nyumbani, amri moja kwa wakati mmoja, ukimtazama usoni. "Nenda kaoge, uvae, ulete daftari" kwake ni amri moja na mbili zilizopeperuka.

Kwa hivyo njia zako ni zaidi ya mbili. Unaweza kungoja Disemba, na kungoja huko kukawa na kazi ndani yake: vipimo, kituo, mpangilio wa darasa. Kungoja kitupu kuna bei yake, na wewe uliiona Kongowea. Unaweza kurudi kwa daktari, huyo au mwingine wa watoto au wa akili kwenye hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, umwambie ukweli kwamba hukumpa, na umwombe jaribio la wiki chache lenye kipimo kidogo, mwalimu akiandika anachokiona na wewe ukiandika chakula na usingizi. Jaribio likishindwa, dawa inaachwa. Wengi huliona kama ndoa, na si ndoa. Lakini pia mzazi anayesema "nimeelewa yote, bado sitaki" simwiti mzazi mbaya, maadamu ameweka kitu kingine mahali pake.

Linalonikosesha usingizi mimi ni uji.

Naelewa ulivyofika hapo. Mwanamke amezungukwa na kauli za watu, sufuria ndiyo mahali pekee anapotawala. Lakini fuata hatua zake. Umesaga, umekoroga, mtoto amekunywa. Mchana hataki kula. Usiku hapati usingizi. Nyanyake, asiyejua, atasema hali imezidi, na atampeleka kwa mtu mwingine kusomewa, kumbe ni kidonge. Mwalimu hakuambiwa, kwa hivyo hawezi kukwambia kama kuna tofauti. Mtoto mwenyewe atahisi kitu kimebadilika kichwani asijue ni nini, na yeye ndiye peke yake anayeweza kukueleza kama kichwa bado kinatoka. Halafu siku moja kopo litafunguliwa na mtu anayetafuta uzi mweusi. Katika nyumba hiyo, mwanangu, dawa iliyofichwa si kitu kigeni. Hivyo ndivyo ilivyoanza mara ya kwanza. Utakuwa umempa mavyaa wako ushahidi wa lile lile alilokuwa akiliogopa, na si kwa sababu ya dawa.

Vipi kama yeye ndiye utakayekwenda naye kwa daktari? Aulize mwenyewe, kwa ukali wake. Hakuna mtu katika nyumba hiyo anayejua dalili za mtu aliyeharibiwa na dawa kuliko yeye, na mkiamua kujaribu huenda jicho hilo ndilo mnalolihitaji. Hata ufunguo wa mahali vidonge vinapokaa unaweza kuwa shingoni mwake. Anaweza kukataa. Utakuwa umeumia kidogo na bado umebaki na mlango wa kurudia.

Na mtoto ameshakufungulia mazungumzo kwa kinywa chake. "Unakumbuka uliniambia kichwa kinatoka? Kuna daktari anasema kwa watoto wengine kuna kitu kinasaidia kisitoke mbio hivyo. Hatujui kwako. Tungeanza, ungeniambia unajisikiaje?" Ana miaka 8, ana haki ya kujua anachomeza.

Niandikie tena hata kama hamjaamua lolote. Ila lile kopo la biskuti usilingojeshe simu ya Doha. Shemeji yako anapigana vita vyake kila asubuhi na anastahili asiwekewe mtego njiani, na una mtoto wa miaka 4 anayejua biskuti hukaa wapi. Vihesabu leo vidonge, andika idadi, uvifungie mahali penye kufuli.

Wako,
Somo